Mtumishi wa nyumbani aliyegundua ‘farasi’ angani

STIMA zilipotea mtaani kwetu mwendo wa saa mbili usiku, siku moja ya mwezi Januari, mboga zikiwa bado jikoni na taarifa ya habari ndiyo kwanza imeanza. Kama ilivyo desturi ya ploti yetu, watu walitoka nje kuhakikisha kwamba majirani nao wako gizani. Binti yangu wa miaka saba akanyosha kidole juu, upande wa mashariki, akataka kujua zile nyota tatu zilizojipanga ni za nani.

Mimi nimesomea uandishi wa habari na stashahada yangu imetundikwa ukutani, lakini swali hilo lilinishinda. Aliyetuokoa ni yaya wetu, msichana wa kutoka sehemu za Ganze, ambaye hakumaliza shule ya msingi. Zile tatu hakujua jina lake. Hata hivyo, alitugeuza kidogo upande wa kaskazini akatuonyesha kifungu cha nyota ndogo ndogo zilizosongamana kama punje za mtama zilizomwagika.

“Ile ni Kilimia,” alisema. “Nyanya alikuwa akiitazama kabla ya kutoa jembe.”

Jina lenyewe linajieleza. Kilimia ni cha kulima. Wazee wa pwani walisema kuwa Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Huo si ushairi mtupu. Kuanzia mwisho wa Aprili kundi hilo huzama magharibi mara tu baada ya jua, wakati wa masika, kisha hupotea kabisa kwa majuma kadhaa. Mnamo Juni huchomoza tena mashariki alfajiri, mvua ikiwa imeanza kupungua. Mkulima asiyekuwa na kalenda ukutani alikuwa nayo hapo juu, na aliyeihesabu vibaya alipoteza mbegu, na nyumba yake ikalala njaa.

Kule Afrika Kusini Wazulu na Waxhosa huiita isiLimela, mzizi ukiwa ule ule wa kulima. Miongoni mwa Waxhosa, mwanamume aliyetoka jandoni alihesabu miaka yake ya utu uzima kwa idadi ya mara ambazo nyota hizo zimechomoza.

Ni kweli kwamba nyota hazileti mvua. Kilimia kilitokea kwa wakati wake bila kukosa kati ya 2020 na 2022, ilhali mvua ilikosa kunyesha ipasavyo kwa misimu mitano mfululizo katika sehemu nyingi za kaskazini mwa Kenya. Ng’ombe walikufa chini ya anga ile ile.

Kilimia kina nyota zaidi ya 1,000, lakini mtu mwenye macho mazuri huona sita, labda saba. Jambo la ajabu ni kwamba mataifa yaliyo mbalimbali husema ni saba, kisha huanza kutafuta kisa cha kueleza moja ilikopotelea. Wagiriki wa kale walisema ni mabinti saba wa Atlas, na mmoja hujificha kwa aibu kwa sababu aliolewa na binadamu wa kawaida. Wajapani nao hukiita Subaru. Naam, msomaji, ni Subaru ile ile unayoiona barabarani. Itazame nembo iliyo mbele ya gari hilo utaona nyota sita, moja kubwa na tano ndogo.

Sasa turudi kwa zile tatu za binti yangu. Wagiriki walisema ni mshipi wa mwindaji mkubwa aitwaye Orion, ambaye Kiswahili humwita Jabari. Vitabu vya shule vilivyoletwa kutoka Ulaya humchora akiwa amesimama wima, kwa maana huko kaskazini ndivyo anavyoonekana. Hapa kwetu, palipo karibu na ikweta, Jabari huchomoza akiwa amelala ubavu na mshipi wake ndio husimama. Si ajabu watoto wengi wa Kenya humtafuta mtu huyo wasimpate.

Kwa maoni yangu kisa kinachofaa zaidi anga letu ni kile cha Wanama wa kusini mwa Afrika. Kwao Kilimia ni mabinti wa mungu wa mbinguni, na wameolewa na mwanamume mmoja, ile nyota ya rangi ya chungwa iitwayo Aldebaran. Siku moja wake hao walimtuma mume wao kuwinda na kumwonya kwamba asirudi mikono mitupu. Akaona punda milia watatu, ambao ndio zile nyota tatu, akafyatua mshale. Mshale ukakosa, ukaanguka mbele. Kuufuata hawezi, kwa sababu kando yupo simba, nyota kubwa nyekundu Betelgeuse, naye anawanyemelea punda milia hao hao. Kurudi nyumbani hawezi pia, maana hana nyama. Basi yuko pale mpaka leo, njaa na baridi vikimtesa.

Wanaume wengi wa mjini wanaoogopa kufika nyumbani mwisho wa mwezi wataelewa hali yake.

Ukitaka kuuona mshale wenyewe, elekea mashariki jioni ya Januari kisha utazame upande wa kuume wa zile tatu. Ni mstari mfupi wa nyota hafifu, na katikati yake pana kitu kama doa la moshi. Doa hilo si nyota. Ni wingu kubwa la gesi na vumbi, aina ambayo wanaanga huiita nebula, na ndani yake nyota mpya zinazaliwa. Liko mbali kiasi kwamba mwanga wake, ambao hukimbia kilomita 300,000 kila sekunde, hutumia takriban miaka 1,300 kutufikia. Mwanga tuliouona usiku ule uliondoka huko wakati mji wa kale wa Shanga, kisiwani Pate, ulipokuwa karibu kuanza.

Kuna wingu jingine hapo jirani ambalo jicho tupu haliwezi kuliona. Aliyeligundua anastahili kusimuliwa kwa kirefu kuliko Wagiriki wote niliowataja.

Williamina Fleming alizaliwa mjini Dundee, Scotland, mwaka 1857. Akiwa msichana wa miaka 14 tayari alikuwa akifundisha. Aliolewa, na mwaka 1878 yeye na mumewe wakahamia Boston, Marekani. Huko mume akamwacha akiwa mja mzito. Ugenini, bila ndugu, Bi Fleming alifanya alichoweza: aliandikwa kazi ya nyumbani kwa Profesa Edward Pickering, mkurugenzi wa kituo cha kutazamia nyota cha Chuo Kikuu cha Harvard. Mtoto alipozaliwa, alimpa jina la profesa huyo.

Yasemekana kwamba Pickering, akiwa amekerwa na wasaidizi wake wa kiume, alitamka kuwa hata mtumishi wake wa nyumbani angeifanya kazi hiyo vizuri zaidi. Iwe alisema hivyo au hakusema, mnamo 1881 mama huyo aliajiriwa rasmi kituoni. Kazi yake ilikuwa kuchunguza vioo vya picha zilizopigwa usiku, kipande kwa kipande, akipanga nyota katika makundi kulingana na mwanga wake. Orodha iliyochapishwa mwaka 1890 ilikuwa na nyota zaidi ya 10,000, na nyingi zilipitia mikononi mwake.

Katika kioo kimoja cha mwaka 1888, karibu na ile nyota ya chini kabisa kati ya tatu zetu, aliona pengo jeusi. Wanaanga wa leo huliita Kichwa cha Farasi, na hakika ukiitazama picha yake huhitaji kuelezwa: shingo, pua na manyoya ya shingoni. Lakini Bi Fleming hakuandika habari za farasi. Aliandika kwamba kuna sehemu iliyobonyea mfano wa nusu duara, akapima upana wake na umbali wake kutoka kwenye nyota, akaendelea na kazi. Farasi alikuja baadaye, picha zilipokuwa safi zaidi na watu wakapata nafasi ya kuota.

Orodha ya mawingu hayo ilipochapishwa, aliyeiandaa aliandika jina la Pickering peke yake. La mama huyo halikuwamo. Isitoshe, hata baada ya kupewa cheo cha msimamizi wa picha zote za kituo mwaka 1899, alilalamika katika shajara yake kwamba analipwa dola 1,500 kwa mwaka ilhali wanaume walipata 2,500, naye ana mtoto wa kusomesha. Alifariki mwaka 1911.

Je, ni kwa nini tunaona farasi mahali ambapo pana vumbi tu? Wataalamu wanasema ubongo wa binadamu umezoea kutafuta sura, maana aliyemtambua chui haraka kichakani ndiye aliyepona. Mwaka 1995, picha ya nguzo za vumbi iliyopigwa na darubini ya Hubble ilipoonyeshwa, baadhi ya watazamaji wa televisheni Marekani walipiga simu wakidai wameuona uso wa Yesu. Sioni haja ya kuwacheka. Hata Jabari hayuko: nyota za mwili wake ziko katika umbali tofauti kabisa, nyingine mara tatu ya nyingine, na ukizitazama kutoka mahali pengine mwindaji husambaratika.

Farasi naye hatadumu. Darubini ya James Webb ilimpiga picha ya karibu mwaka 2024, na wanaanga wanakadiria kwamba katika muda wa miaka milioni tano hivi mwanga wa nyota jirani utakuwa umelimaliza wingu lake.

Mengi ya haya niliyasoma baadaye. Usiku ule nilichokuwa nacho ni kile kisa cha punda milia tu, nilichokikumbuka kwa shida kutoka kitabu fulani, nikakisimulia vibaya huku yaya akinirekebisha ni ipi nyekundu. Stima ziliporudi, ploti nzima ilipiga kelele za furaha na anga likafifia. Binti yangu alikataa kuingia ndani. Alitaka kujua kama wale wake wamemwekea mume wao chakula.