Sukari ya Ulaya na Chai ya Modogashe

Msafiri atokaye Garissa kwenda Wajir hupitia Modogashe, na mara nyingi hushuka hapo kunywa chai. Chai hiyo hupikwa kwa maziwa na sukari nyingi, maana wafugaji wa nchi ile kavu huihesabu sukari kuwa chakula hasa, wala si kiungo tu. Bei ikipanda dukani, habari hufika upesi hata malishoni. Wako waulizao kwa nini sukari iliyovuka bahari huweza kuuzwa rahisi kuliko ya Muhoroni au Chemelil. Sehemu ya sababu iko Ulaya.

Muwa haustahimili baridi. Kwa hiyo Wazungu hupata sukari katika kiazi kinene cheupe, ambacho sukari yake iligunduliwa na Andreas Marggraf wa Berlin mwaka 1747. Manowari za Waingereza zilipozuia sukari ya ng'ambo, Napoleon aliamuru mwaka 1811 kiazi hicho kilimwe kwa wingi.

Tangu mwaka 1968 nchi za Soko la Pamoja la Ulaya ziliwawekea wakulima wao bei ya hakika, iliyokuwa juu sana kuliko bei ya dunia. Kila nchi ilipewa kiasi chake, na sukari ya kigeni ikatozwa ushuru mkubwa. Je, iliyozidi ilikwenda wapi? Iliuzwa nje kwa bei ya chini, na pengo likajazwa kwa fedha za ruzuku. Mkulima wa Ufaransa alistarehe, lakini bei ya dunia ilishuka, na mlima miwa wa nchi maskini ndiye aliyeumia.

Ni kweli kwamba Ulaya haikuwafungia wote mlango. Kwa mapatano ya Lomé ya mwaka 1975, nchi kadhaa, zikiwamo Kenya, Uganda na Tanzania, ziliruhusiwa kuuza huko kiasi maalum kwa bei nzuri. Aliyefaidi zaidi ni Mauritius. Hata hivyo Brazil, Australia na Thailand zilishitaki katika Shirika la Biashara Duniani, zikashinda mwaka 2005. Mwaka uliofuata Ulaya ilianza kupunguza bei yake kwa asilimia 36, viwanda vingi vikafungwa, na mapatano yale ya sukari yakakoma mwaka 2009. Mwisho wa Septemba 2017 vipimo vya kila nchi navyo viliondolewa.

Kenya nayo ina ukuta wake. Ushuru wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa sukari itokayo nje uliwekwa kuwa asilimia 100, na kwa miaka mingi hata sukari ya nchi za COMESA iliwekewa kikomo, ili viwanda vya magharibi vipate nafasi ya kujirekebisha. Nafasi hiyo haikutumiwa vema na wote: Mumias, kilichoanza mwaka 1973, kiliwekwa chini ya mrasimu mwaka 2019.

Palipo na ukuta mrefu hutafutwa tundu, na tundu hilo limekuwa upande wa Modogashe. Viwanda vya Somalia, vya Jowhar na Mareerey, vilikufa katika vita vilivyozuka mwaka 1991. Tangu hapo sukari ya mbali imekuwa ikishushwa Kismayu na kupenyezwa mpakani bila ushuru. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walieleza mwaka 2011 jinsi Al-Shabaab walivyotoza fedha katika biashara hiyo. Mama anunuaye kilo moja hana hatia; aona tu kwamba ni rahisi. Lakini mlima miwa wa Nyanza humkosesha mnunuzi wake, na hazina ya nchi hukosa ushuru.

Sheria ya Sukari ya mwaka 2024 iliirudisha Bodi ya Sukari, pamoja na tozo isiyozidi asilimia 4 kwa sukari ya nchini na iingizwayo kihalali. Fedha hizo zimekusudiwa miwa, utafiti na barabara za mashambani. Sukari ya magendo hailipi tozo hiyo, na kwa hiyo tofauti ya bei dukani Modogashe yaweza kuongezeka.