Je, Wajua? Hamu ya Lugha Huwashwa Darasani, na Humohumo Huzimwa

Je, wajua kwamba kipaji cha lugha na hamu ya lugha havitembei pamoja? Mwaka 1959 watafiti wawili wa Kanada, Robert Gardner na Wallace Lambert, walichapisha uchunguzi wao kuhusu wanafunzi wa sekondari wa Montreal, watoto wa nyumba za Kiingereza waliokuwa wakisoma Kifaransa. Waliwapima kipaji, kisha wakawauliza kwa nini wanajifunza na wanawaonaje majirani zao wazungumzao Kifaransa. Mafanikio yalionekana kuwa na mizizi miwili: kipaji kwa upande wake, hamu na mtazamo kwa upande mwingine, na hakuna aliyeweza kukisia kimoja kwa kukitazama cha pili. Mwanafunzi wa kipaji cha kawaida aliweza kufika mbali kwa kuwa alitaka kuwa karibu na watu wenye lugha ile.

Baadaye waliipa hamu hiyo sura mbili. Ipo ya kutaka kujumuika na wenye lugha, na ipo ya kutafuta faida: kazi, cheti, cheo. Montreal, ile ya kwanza ndiyo iliyotia fora. Ufilipino, ambako Kiingereza kilikuwa lugha ya masomo na ajira, ile ya faida nayo ilifikisha watu mbali. Kwa hiyo mzazi wa Mbagala au Kisumu anayemwambia mwanawe asome Kiingereza apate kazi hajapotoka. Shida ni kwamba kazi hiyo iko miaka mingi mbele, na kipindi cha leo kinataka sababu ya leo.

Kiswahili nacho kina historia yake katika darasa la wageni, na inauma. Seminari ya Lugha za Mashariki ilifunguliwa Berlin mwaka 1887, na Kiswahili kilifundishwa humo kwa maofisa, wafanyabiashara na wamisionari waliojiandaa kuja koloni la Wajerumani Afrika Mashariki. Miongoni mwa walimu wao alikuwa Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, ambaye mchango wake ulikuwa mkubwa katika kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilichochapishwa mwaka 1903 kwa uhariri wa Carl Velten. Seminarini alihesabiwa msaidizi chini ya walimu wa Kijerumani. Alipooa mwanamke wa Kijerumani na kusafiri naye kurudi nyumbani, wakuu wa koloni walimzuia asishuke, akarudi Ujerumani, na huko ndiko alikofia mwaka 1927. Wanafunzi wale walikuwa na sababu nzito ya kujifunza: mshahara, cheo na utawala. Hamu ya kukaa mkeka mmoja na mwenye lugha haikutakiwa kwao, na mfumo uliowapeleka Berlin ulihakikisha haizaliwi.

Je, wajua kwamba nchi nzima inaweza kusoma lugha kwa miaka arobaini na ikatoka karibu mikono mitupu? Kirusi kilikuwa somo la lazima katika shule za Hungaria tangu 1949 hadi 1989. Mtoto alikikuta shule ya msingi, akaendelea nacho sekondari, na wengine hadi chuo kikuu. Waliotoka wakiweza kukizungumza walikuwa wachache. Walimu walikuwepo, vitabu vilikuwepo, vipindi vilikuwepo; lugha yenyewe ilikuwa ya jeshi lililoingia na vifaru kuzima uasi wa 1956. Ulazima ulipoondolewa, walimu wengi wa Kirusi walirudishwa masomoni ili wakafundishe Kiingereza na Kijerumani. Zoltán Dörnyei, Mhungaria aliyetumia maisha yake kuchunguza hamu ya kujifunza lugha, aliwahoji na wenzake wanafunzi zaidi ya 13,000 wa umri wa miaka 13 na 14, mara tatu: 1993, 1999 na 2004. Kati ya lugha tano walizoulizwa, Kiingereza kilishika kilele na Kirusi kikaburura mkia.

Sasa tuje kwa jambo ambalo wasomaji wengi wa Kenya na Tanzania wanalikumbuka kwa mwili wao. Ni kile kipande, ambacho Kenya wengi walikiita diski au monto, alichoshikishwa mwanafunzi aliyekamatwa akizungumza lugha ya nyumbani. Akishakipokea hutafuta mwenzake wa kumkabidhi, huyo naye humtafuta mwingine, na jioni mlolongo wote hujulikana na viboko hufuata. Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza habari zake katika Decolonising the Mind, mwaka 1986. Je, wajua kwamba mbinu hii imeonekana pia mbali sana na Afrika? Wales, katika karne ya 19, mtoto aliyesema Kiwelshi alivishwa kijiti shingoni, nacho kilipita kutoka shingo hadi shingo kama kile cha kwetu. Brittany, Ufaransa, aliyesema Kibretoni alipewa kitu cha aibu, mahali pengine kiatu cha mti, na Wafaransa wakaihamishia mbinu hiyo kwenye koloni zao za Afrika Magharibi. Okinawa, Japani, mwanzoni mwa karne ya 20, kilikuwa kibao cha mbao, nacho kilining'inizwa shingoni vilevile.

Ukikitazama kipande kile kama kifaa cha kufundishia, utaona hakina hata neno moja la lugha inayotakiwa. Hakimwonyeshi mtoto jinsi ya kuuliza wala kujibu. Kinachomfundisha ni kunyamaza na kumvizia mwenzake, mambo mawili yanayoiua lugha ya kigeni, kwa kuwa lugha hukua mtu anapojaribu mbele ya watu asiowaogopa. Vipo vibao vya namna hiyo hadi leo katika baadhi ya shule, vikitetewa kwa nia njema. Naomba vitupwe.

Hofu yenyewe imepimwa. Mwaka 1986 Elaine Horwitz na wenzake wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, walitunga dodoso la kauli 33 ambamo mwanafunzi anaeleza anavyojisikia anapoitwa kusema, anaposikia wengine wakisema vizuri kumliko, au anaposahihishwa bila kuelewa kosa ni lipi. Walieleza kwamba mtu anaweza kuwa jasiri katika hisabati, mcheshi katika lugha yake mwenyewe, na bado akatetemeka katika darasa la lugha ya kigeni. Sababu yake ni ya kiutu kabisa: mtu mzima mwenye fikra pana anajikuta ana maneno ya mtoto wa miaka mitatu, na wenzake wanamsikiliza.

Uchunguzi uliochapishwa 2017 kuhusu Wajerumani 50 waliosoma Chuo Kikuu cha Maastricht na waliokuwa wamejifunza Kidachi karibuni unaelekea upande huohuo. Baadhi yao walipewa kiasi kidogo cha kileo na wengine maji. Wadachi waliosikiliza rekodi bila kujua nani kanywa nini waliwapa waliokunywa kileo alama za juu zaidi, hasa katika matamshi. Hilo halimtumi mtu kwenye chupa, na ukizidisha kipimo ulimi unateguka. Linalowezekana, na watafiti wenyewe walilitaja, ni kwamba wasiwasi ulipungua. Mwalimu mpole anaweza kuupunguza bila gharama yoyote.

Je, wajua mwalimu husubiri jibu kwa muda gani? Mary Budd Rowe, Mmarekani aliyerekodi vipindi vya sayansi, aligundua miaka ya 1970 kwamba kwa kawaida ni kama sekunde moja. Walimu walipofundishwa kusubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, walioshindwa kujibu wakapungua, na waliokuwa kimya wakaanza kusema. Hao walikuwa watoto waliofundishwa kwa lugha wanayoijua. Anayelazimika kwanza kufasiri swali, kisha kutafuta neno, kisha kupanga sentensi, anahitaji muda mrefu zaidi.

Na kosa likitokea? Roy Lyster na Leila Ranta walisikiliza saa 18 hivi za vipindi vya shule za msingi, eneo la Montreal, ambako watoto walifundishwa kwa Kifaransa. Zaidi ya nusu ya masahihisho yalikuwa ya namna moja: mwalimu anairudia sentensi ya mtoto ikiwa sahihi, halafu anaendelea. Ripoti yao ya 1997 inaonyesha kwamba njia hiyo, tuipendayo kwa upole wake, ndiyo iliyowafanya watoto waitikie kidogo kuliko zote. Mwalimu alipoacha nafasi na kumtaka mtoto alitafute neno mwenyewe, mtoto aliitika kila mara.

Tanzania tunalo somo letu. Mradi wa utafiti wa LOITASA, ulioanza 2002 na kuwashirikisha watafiti wa Tanzania, Afrika Kusini na Norwei, ulilinganisha vipindi vya sekondari vilivyofundishwa kwa Kiswahili na vile vya Kiingereza. Kwa Kiswahili wanafunzi waliuliza, wakabishana, wakatoa mifano ya kwao. Kwa Kiingereza waliinamisha vichwa au wakaitika kwa pamoja. Wengi husoma matokeo hayo kama vita dhidi ya Kiingereza, nami sioni hivyo. Kijana anayekaa kimya katika biolojia kwa kukosa maneno anapoteza biolojia, na kile Kiingereza alichowekewa humo hakipati pia. Kiingereza kinastahili mwalimu wake, kipindi chake na mazungumzo yake.

Mwalimu huyo ana uzito gani? Marie Guilloteaux na Dörnyei walikaa katika madarasa 40 ya Kiingereza huko Korea Kusini, yenye wanafunzi zaidi ya 1,300, wakiandika dakika kwa dakika mwalimu anafanya nini na wanafunzi wanafanya nini. Waliandika mambo madogo: kueleza kwa nini zoezi linafanywa, kulihusisha na maisha ya watoto, kuchokonoa udadisi wao, kusifu kazi kwa sababu inayoonekana. Matokeo yao ya 2008 yalikuwa wazi. Mwalimu aliyeyafanya hayo kwa wingi ndiye aliyekuwa na darasa linalosikiliza, linaloshiriki, na lenye mikono iliyoinuka kabla hajaita jina.