Mikono Nakufundisha kwa Dakika Kumi

"Mwalimu, nifundishe mikono." Nimeombwa hivyo Mwanjelwa, nimeombwa Kihesa, na juzi nikisubiri basi Makambako kijana mmoja alinifungulia simu anionyeshe mwongozaji wa okestra ya Ulaya anayetikisa nywele huku jasho likimtoka. Anataka kuwa kama yule. Basi leo nafundisha mikono hapa hapa, tusiulizane tena.

Pigo nne: chini, kushoto, kulia, juu. Pigo tatu: chini, kulia, juu. Pigo mbili: chini, juu. Tumia mkono wa kulia, usawa wa kifua, na pigo la chini ligote mahali palepale kila mara. Simama mbele ya kioo dakika kumi. Umemaliza, na bado huwezi kuongoza hata kwaya ya watoto.

Imani kwamba mwongozaji ni mikono imeharibu kwaya nyingi huku kwetu Nyanda za Juu Kusini. Vijana wenye masikio mazuri wanapoteza miaka wakiiga madoido ya video, na hakuna anayewaambia mkono upo kwa ajili gani. Sauti husafiri kama meta 340 kwa sekunde. Mpiga tarumbeta akiwa meta 17 nyuma ya waimbaji wa sauti ya kwanza, mlio wake unawafikia ukiwa umechelewa sehemu moja ya ishirini ya sekunde. Kwa wimbo wa mapigo 120 kwa dakika, hiyo ni sehemu ya kumi ya pigo zima. Anayefuata anachokisikia atachelewa, na anayemfuata yeye atachelewa zaidi. Jicho halicheleweshwi hivyo. Ndiyo maana tunawaonyesha pigo, na mkono mdogo unaoeleweka unafanya kazi hiyo vizuri kuliko mkono unaofagia hewa.

Tena pigo lenye maana kuliko yote ni lile ambalo halina sauti. Kabla ya noti ya kwanza unainua mkono na kuvuta pumzi, na watu 40 wanavuta pumzi pamoja nawe. Ukiinua haraka wataanza haraka. Ukiinua kwa kushtuka watapayuka. Ukiinua bila kupumua, kila mtu ataingia kwa wakati wake, kisha utawagombeza bure kwa kosa lako mwenyewe. Nikitaka kumpima mwongozaji, natazama sekunde hiyo moja kabla ya wimbo.

Baada ya hapo ni sikio. Kwaya ikiharibu, wengi wanajua neno moja tu: "Rudieni!" Warudie nini? Umesikia sauti ya tatu ikishuka kwenye "mi"? Au besi walikata pumzi katikati ya neno? Kama huwezi kutaja ni sauti ipi, neno gani na kosa gani, unawarudisha ili wakariri kosa lilelile. Kipimo changu ni hiki: chukua wimbo usioujua, uimbe sauti zote nne, moja baada ya nyingine, kwa solfa, bila kinanda. John Curwen aliueneza mfumo huo Uingereza katika karne ya 19 ili watu wa kawaida waweze kusoma muziki. Hatuna kisingizio.

Halafu kuna lugha, na hapa nakasirika zaidi. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Tenzi nyingi zilitafsiriwa zikavalishwa tuni za Kijerumani au Kiingereza, na pigo zito likaangukia popote. Unasikia kanisa zima likitamka "WOkovu" badala ya "woKOvu". Mwongozaji aliyeusoma wimbo nyumbani huona mahali hapo mapema, akalilegeza pigo. Mpiga mikono hulitwanga.

Na wenye tarumbeta mnisikilize. Wamisionari Wamoraviani kutoka Ujerumani walifika Rungwe mwaka 1891, na tarumbeta za kanisani ni mapokeo ya Kijerumani, ambamo mpigaji wa tarumbeta ya B bemoli husoma noti kama inavyosikika. Aliyefunzwa katika bendi ya mtindo wa Kiingereza husoma noti iliyoandikwa toni moja juu. Wape wawili hao karatasi moja, watapishana toni nzima, na hakuna mkono utakaowapatanisha. Waulize walifunzwa vipi kabla ya mazoezi.

Najua nitaambiwa: mbona Armand Diangienda wa Kinshasa alikuwa rubani, akaanzisha Orchestre Symphonique Kimbanguiste mwaka 1994 bila kupitia chuo cha muziki? Kweli, alijifunza mwenyewe. Lakini alijifunza muziki, akawafundisha na wenzake, hadi wakaipiga Simfoni ya Tisa ya Beethoven. Itazame filamu yao ya 2010, Kinshasa Symphony, uone mazoezi yalivyo, umeme ukikatika na watu bado wapo.

Sasa haraka haraka, kwa anayetaka kazi hii kweli. Imba katika kwaya miaka mitatu, na angalau mwaka mmoja uwe kwenye sauti ya ndani. Jifunze kinanda, na uzime mdundo unaojipiga wenyewe. Jifunze nota za mistari pia, maana okestra haisomi solfa. Shahada ya muziki ipo Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, Usa River. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho hufundisha muziki. Kwa sanaa za jukwaani kuna TaSUBa, Bagamoyo. Anayevutwa na udi na kanuni aende Dhow Countries Music Academy, Zanzibar. Ada na sifa za kujiunga waulize wenyewe. Okestra ya kukuajiri Mbeya au Iringa usiitegemee: utakula kwa kufundisha shule, kunoa kwaya za watu na kuandika nota, kwa hiyo usiache kazi uliyonayo. Fimbo usinunue. Nunua penseli, na kila wimbo uandike juu ya karatasi mahali ambapo kwaya itapumua.