Si Kila Maumivu ya Tumbo Yako Tumboni

Mfikirieni bibi aliyekohoa mfululizo siku tatu. Asubuhi moja anahisi kama kitu kimekatika upande mmoja wa tumbo, chini ya kitovu. Maumivu ni makali, na pale pale panaota uvimbe mgumu. Jirani ashika mafuta ili amkande; mwingine asema ni kidole tumbo, apasuliwe leo leo. Huenda wote wawili wamekosea.

Mbele ya tumbo kuna misuli miwili mirefu, kulia na kushoto, itokayo mbavuni hadi kwenye kinena. Kikohozi kikali, kipigo, hata sindano ya tumboni, huweza kupasua mshipa wa damu humo, na damu ikajikusanya ndani ya msuli. Wanaopatwa zaidi ni wazee, hasa akina mama, na wanaotumia dawa za kuzuia damu isigande, kama warfarini.

Daktari huanza na mikono yake. Mgonjwa akiwa amelala chali, daktari hubonyeza penye maumivu, kisha humwambia ainue kichwa na mabega. Maumivu yakibaki vile vile au yakizidi, huenda chanzo kiko kwenye ukuta wa tumbo. Ya ndani mara nyingi hupungua, maana msuli uliokaza huyakinga. Carnett wa Marekani alikieleza kipimo hiki mwaka 1926. Ultrasaundi au skani ya CT huthibitisha, na damu hupimwa kuona imepungua kiasi gani na kama inaganda.

Wengi hupona bila kisu: kupumzika, kukandwa kwa kitu baridi siku za kwanza, na parasetamoli. Aspirini na diklofenaki huweza kuongeza kutoka damu. Anayetumia warfarini huenda akasimamishiwa dawa na kupewa vitamini K, wengine huongezewa damu. Damu ikikataa kukoma, mshipa huzibwa kwa mrija mwembamba, au kwa upasuaji. Lakini asiache warfarini kwa uamuzi wake. Mwenye valvu bandia ya moyo anaweza kupata damu iliyoganda, na hilo huua.

Basi msichue uvimbe huo wala msiweke maji ya moto. Mgonjwa akipata kizunguzungu, jasho baridi, weupe wa midomo au moyo kwenda mbio, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, na dawa zake zote mfukoni. Baada ya siku chache ngozi ya kuzunguka kitovu yaweza kugeuka nyeusi au zambarau. Si jicho la mtu. Ni damu ile ile inayojitokeza, na uvimbe wenyewe huchukua majuma, pengine miezi, kuyeyuka.