Boksi jeupe la povu linavyookoa chanjo ya kuku Machame

Mfugaji wa Machame anayeteremka Moshi mjini kununua chanjo ya mdondo mara nyingi hubishana bei ya kichupa hadi mwisho, kisha hukitia mfukoni na kupanda daladala. Anachanja, na baada ya wiki kadhaa kuku wanakufa. Lawama humwangukia mwenye duka, kumbe chanjo ilikufa njiani.

Chanjo ya LaSota ina virusi hai, nayo hutakiwa kukaa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Ipo pia I-2, inayotengenezwa Kibaha, ambayo huvumilia joto kuliko LaSota. Lakini kuvumilia si kupenda. Jua la mchana kwenye kioo cha gari huiua pia.

Dawa ya tatizo hili ni boksi la polistairini, yaani lile povu jeupe gumu ambalo viwanda vya samaki vya Mwanza hulitumia kusafirishia minofu ya sangara kwa ndege. Malighafi yake hutokana na mafuta ya petroli. Kiwandani huanza kama punje ndogo mfano wa sukari, zenye gesi ya penteni ndani. Punje zikipigwa mvuke wa moto hulainika na kuvimba mara nyingi kuliko ukubwa wake wa kwanza. Huachwa zipumzike, kisha hujazwa kwenye kalibu na kupigwa mvuke tena hadi zishikane. Ufundi huu ulianzia Ujerumani, katika kampuni ya BASF, karibu mwaka 1950.

Kinachobaki ni hewa kwa takribani asilimia 98. Hewa hiyo imefungiwa kwenye vyumba vidogo, haizunguki, ndiyo maana joto hupita kwa shida. Wengi hukosea hapa: boksi halitengenezi ubaridi, linautunza tu. Bila barafu ni boksi tupu. Weka barafu iliyofungwa kwenye mfuko, zungushia kichupa gazeti kisigusane nayo, funga kifuniko kwa utepe na usifungue njiani kuonyesha watu.

Je, inalipa? Tuseme una kuku 30, kila mmoja shilingi 20,000. Hapo kuna 600,000 zinazotembea uani. Boksi lililotumika unaweza kulipata kwa bei ndogo, pengine bure, kwa kuwa maduka ya dawa hupokea baadhi ya mizigo ndani yake. Ulizia kabla halijatupwa. Chagua lenye kuta nene, maana unene ukizidi mara mbili, joto linaloingia hupungua karibu nusu.

Kichupa kimoja huwa na dozi za kuku mia na zaidi, na kikishafunguliwa na kuchanganywa hakiwekwi hadi kesho. Mwenye kuku 30 akinunua peke yake anamwaga fedha. Majirani wa kihamba kimoja hadi kingine wakichanga nauli, kichupa na barafu, wakachanja asubuhi moja, gharama kwa kila kuku inakuwa ndogo sana. Kwa I-2, zoezi hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne.

Boksi lenyewe usilikalishe karibu na dumu la petroli, kwani petroli huliyeyusha. Wala usiliwashie moto wa jikoni: moshi wake mweusi ni sumu. Likivunjika, vipande vikae mbali na ng'ombe, kwani hawabagui wanachotafuna.