Shangazi yangu sista na harusi yetu ya Agosti

Kwenye kipindi cha wiki hii niliulizwa mbona sitangazi tarehe ya harusi. Nikacheka, nikabadilisha mada. Ukweli ni kwamba naogopa. Baba aliondoka nyumbani nikiwa na miaka tisa, na tangu hapo nikiwasikia maharusi wakiahidiana maisha yote, najiuliza kama wanajua wanachosema.

Basi nikampigia shangazi, dada yake baba. Ni sista, muuguzi kwenye hospitali ya misheni huko Songea, na ana miaka 25 ya utawa.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Mmeshakula?"

Sikuzunguka. "Hivi ulijuaje kwamba utaweza?"

"Sikujua," akasema. "Ndiyo maana hawakuniruhusu kuahidi siku ya kwanza."

Akanieleza. Unaanza na upostulanti, halafu unovisi, ambao haupungui miezi 12. Ndipo unaweka nadhiri za muda: ufukara, useja na utii. Kwa sheria ya Kanisa hizo ni za miaka mitatu hadi sita, na zinaweza kuongezwa hadi jumla ya miaka tisa. Muda ukiisha, uko huru kwenda zako. Wenzake wawili walienda, na mpaka leo wanasalimiana. Anayebaki ndiye anayeweka nadhiri za daima. Yaani Kanisa linalotaka neno la maisha yote ndilo hilohilo linalokataa kulipokea haraka.

Akanirekebisha na Kiswahili pia, maana nilikuwa nachanganya nadhiri na kiapo. Ukila kiapo, unamwita Mungu awe shahidi wa maneno yako. Ukiweka nadhiri, unamwahidi Mungu mwenyewe. Na maharusi? Wao wanaahidiana wao kwa wao, mbele ya Mungu na Kanisa. Kwetu sisi wa Kanisa la Kilatini, bwana na bibi harusi ndio wanaopeana sakramenti. Padre anapokea ridhaa yao kwa niaba ya Kanisa. Kabla ya hapo anawauliza kama wamekuja kwa hiari yao. Aliyeolewa kwa kulazimishwa, ndoa yake ni batili.

"Lakini baba naye aliulizwa hivyohivyo," nikasema. "Na akajibu ndiyo."

Kimya. Nikadhani mtandao umekatika.

"Kaka yangu alikosea," akasema. "Sikufichi. Ahadi haimshiki mtu mkono mlangoni. Mimi za daima niliziweka siku moja tu, watu wakapiga vigelegele, tukala pilau. Lakini kengele ya alfajiri inalia kila siku, na kuna siku naamka nimenuna kabisa. Naenda kusali hivyohivyo, nimenuna."

Tulipoagana nikamkumbuka mama. Baada ya baba kuondoka, kila Jumapili jioni simu ilikuwa inalia mara moja na kukatika. Ni shangazi anabipu. Mshahara wake wote unaingia shirika, kwa hiyo hela ya kupiga Uingereza hakuwa nayo. Mama anachukua simu, anampigia. "Wifi, umeamkaje?" Wanaongea, wanacheka, mara nyingine mama analia. Miaka yote hiyo. Hakuna padre wala askofu aliyemwahidisha shangazi jambo hilo, na hakuliacha.

Nilikuwa nasema nyumbani kwetu sijawahi kuona uaminifu. Kumbe nilikuwa nausikia kila Jumapili, nikiwa nafanya homuweki.

Jumamosi hii mimi na mwenzangu tunaanza mafundisho ya ndoa parokiani. Bado naogopa kidogo, lakini tarehe nimeshaitaja: Agosti.

Shangazi nimemwalika. Hakusema ndiyo, maana ana nadhiri ya utii na hawezi kujiamulia safari. Ameomba ruhusa kwa Mama Mkuu. Anasubiri jibu, na sisi tunasubiri naye.