Beni na Butembo: PV inaposema mahakamani na mwenyewe hayupo

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Agosti 2022, watu wenye silaha walishambulia gereza la Kakwangura mjini Butembo, na wafungwa zaidi ya 800 wakatoroka. Beni walikuwa wamekwisha kuona hayo mara mbili kwenye gereza la Kangbayi: tarehe 11 Juni 2017 walitoka zaidi ya 900, na tarehe 20 Oktoba 2020 wakatoka zaidi ya 1.200.

Kila mara wananchi waliuliza swali moja: hao watu sasa wako wapi, na wanalala karibu na nyumba ya nani? Ni swali la haki. Lakini kuna lingine ambalo halikusikika sana nje ya mahakama. Wafungwa walipotoroka, maneno yao yalibaki. Kila mmoja aliyehojiwa na OPJ au na mwendesha mashtaka aliacha PV ndani ya dosye, na mara nyingi ndani ya PV kuna majina ya watu wengine: jirani, mwenye moto, muuza duka aliyedaiwa kuwapelekea waasi chakula. Aliyetaja jina amekimbia. Aliyetajwa yuko mbele ya jaji. Atamuuliza nani?

Kuulizana huko ndiko sheria inakokulinda. Mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na za kisiasa, ambao nchi yetu iliujiunga mwaka 1976 ikiitwa Zaire, unasema katika kifungu cha 14 kwamba mshtakiwa ana haki ya kuwauliza maswali mashahidi wanaomshtaki, au kuulizishiwa, na ya kuitiwa mashahidi wake kwa masharti yale yale. Katiba yetu, kifungu cha 215, inaweka mikataba ya namna hiyo juu ya sheria za kawaida. Kifungu cha 19 kinalinda haki ya kujitetea, na kifungu cha 61 kinasema haki hiyo haisimamishwi hata wakati wa état de siège. Kwa hiyo anayesema kwamba tangu tarehe 6 Mei 2021, raia walipoanza kupelekwa mbele ya mahakama za kijeshi, mambo hayo yamewekwa pembeni, anakosea.

PV yenyewe inafaa kuangaliwa kwa karibu. Shahidi wa huku kwetu anaeleza kwa Kinande au kwa Kiswahili. Anayeandika anaandika kwa Kifaransa. Shahidi anatia sahihi au kidole gumba chini ya maneno ambayo pengine hawezi kuyasoma. « Nilisikia wanasema alikuwa nao » inaweza kugeuka « alikuwa nao » bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya. Neno moja tu limeanguka njiani, na neno hilo linaweza kumpa mtu miaka 20. Na hapo hatujazungumzia mtu aliyepigwa kasho ili ataje majina, jambo ambalo sheria ya tarehe 9 Julai 2011 inaliadhibu kama mateso.

Kesi kubwa za eneo letu zinaonyesha uzito wa jambo hilo. Kanali Mamadou Ndala aliuawa karibu na mji wa Beni tarehe 2 Januari 2014. Mahakama ya kijeshi ya operesheni ilikaa Beni, na tarehe 17 Novemba mwaka huo ikamhukumu kifo liutena-kanali Birocho Nzanzu. Watu waliotajwa kuwa wa ADF walihukumiwa kifo pia, wakiwa hawapo. Asiyekuwepo hamuulizi shahidi kitu. Tena hukumu za mahakama hiyo ya operesheni, kufuatana na kanuni ya mahakama za kijeshi ya Novemba 2002, hazikatiwi rufaa. Hapo mimi ninaona shida kubwa: kifungu cha 156 cha katiba kinasema haki ya rufaa haiwezi kusimamishwa hata wakati wa vita. Kama shahidi alikosea mara ya kwanza, hakuna mlango wa pili wa kumrudisha.

Butembo nayo inakumbuka Ijumaa Kuu ya tarehe 19 Aprili 2019, wakati daktari Richard Mouzoko, Mkameruni wa OMS aliyekuja kupambana na Ebola, alipopigwa risasi katika Kliniki za Chuo Kikuu cha Graben. Miezi michache baadaye madaktari Wakongomani walikamatwa, na wenzao wakapandisha sauti kwa kupinga. Uchungu wa familia ya marehemu ulikuwa wa kweli, na hofu ya madaktari vilevile. Katika dosye kama hiyo, mtu wa kundi la silaha akimtaja raia, njia ni kuwaweka wawili hao mbele ya jaji, uso kwa uso.

Wengi watajibu kwamba shahidi atauawa. Nani wa Oicha au wa Mayi-Moya atasimama hadharani kumtaja mtu wa ADF, halafu arudi shambani kesho? Jibu hilo lina nguvu, na sheria inalijua. Kwa ubakaji, sheria ya mwaka 2006 inaruhusu kikao kifungwe mlango. Kwa makosa makubwa ya kimataifa, sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 inaagiza shahidi alindwe. Katika kesi ya Minova, mwaka 2014, waathirika walisema wakiwa wamefunikwa uso. Lakini kumficha shahidi machoni pa umati si sawa na kumficha kwa wakili wa mshtakiwa. Asiyejua anayemshtaki ni nani hawezi kusema: huyu tuligombana naye juu ya kiwanja.

Majirani zetu wa Ituri wametupa mfano. Huko La Haye, katika kesi ya Thomas Lubanga, majina yalifichwa kwa umma lakini watetezi walipewa. Shahidi wa kwanza, Januari 2009, aligeuza maneno yake siku ile ile, kisha akarudi kusema tena baada ya majuma mawili. Na Mathieu Ngudjolo aliachiliwa Desemba 2012 kwa sababu majaji, baada ya maswali mengi, hawakuweza kuwaamini mashahidi watatu wa msingi. Waliouawa Bogoro waliuawa kweli, na hakuna jaji aliyekataa hilo. Kilichokosekana ni maneno yanayosimama yakiulizwa.

Kwa mwenye ndugu anayefikishwa mbele ya mahakama Beni au Butembo, mawakili wanashauri jambo moja rahisi. PV ya mtu asiyekuwepo ikisomwa, mtetezi aombe kwa sauti kwamba mtu huyo aitwe. Kama hapatikani, aombe karani aandike kwenye karatasi ya kikao kwamba ombi lilitolewa, na jaji alijibu nini. Ombi lisiloandikwa, mbele ya jaji wa rufaa, ni kama halikutolewa.